Kinacholia ni Hewa

Kata ya Kamuli iko Kyerwa, mkoani Kagera, katika eneo lililokuwa sehemu ya Karagwe hadi wilaya mpya ilipoanzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya migomba, kahawa na maharage. Kwenye sherehe zake utasikia ngoma, kinanda, na pengine matarumbeta yaliyokodiwa mbali. Klarineti hutaiona kirahisi. Hata hivyo, ala hiyo ambayo wengi wa Kamuli hawajawahi kuishika imetupa mojawapo ya majibu mazuri ya fizikia ya sauti, na jibu lenyewe linamhusu mwanafunzi, mkulima wa miti, mzazi na kiongozi wa kwaya wa huko huko.

Kwanza tuitazame. Klarineti ya kawaida ni bomba jeusi lenye urefu wa sentimita 66 hivi, lenye vitufe na vyuma vya rangi ya fedha ubavuni. Hutenganishwa vipande vitano ili iingie kwenye kasha lake. Tundu la ndani lina upana wa milimita 15 hivi, na kwa sehemu kubwa ya urefu wake upana huo haubadiliki. Ilizaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1700. Kufikia mwaka 1791 Mozart alikuwa ameitungia konseto, na baada ya hapo ikasambaa: harusi za Uturuki na Ugiriki, bendi za jazi za New Orleans, bendi za polisi na majeshi karibu kila nchi. Huku kwetu iliingia pia kwenye rumba. Bendi ya OK Jazz ilipoanzishwa mwaka 1956 katika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, miongoni mwa waliokuwamo alikuwa Jean Serge Essous, mtu wa Brazzaville, na klarineti yake mdomoni.

Wapigaji hao wote, kwa lugha zao mbalimbali, wanaunganishwa na mti mmoja. Klarineti za kitaalamu kwa kawaida huchongwa kutoka mpingo, na mpingo wa ala za muziki hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Kutokana na hilo imani moja ikaota mizizi: kwamba sauti ile tamu na ya giza giza imo ndani ya mti wenyewe, na kwamba asiye na mpingo hana klarineti. Imani hiyo haisimami. Kinacholia ni hewa iliyomo ndani ya bomba. Mti kazi yake kubwa ni kuiwekea hewa hiyo mipaka.

Tuone inavyokuwa. Mpigaji hubana kwa midomo yake ulimi mwembamba uliochongwa kutoka kwenye tete, mmea unaolimwa sana kusini mwa Ufaransa. Akipuliza, ulimi huo hufunga na kufungua njia ya pumzi mamia ya mara kwa sekunde. Kila ukifunguka, kishindo kidogo cha hewa huingia kwenye bomba, hukimbia hadi kwenye tundu la kwanza lililo wazi, kisha sehemu yake hurudi. Kikirudi huusukuma ulimi kwa wakati wake hasa, kama mama anayesukuma bembea ya mtoto: hasukumi ovyo, anangoja bembea irudi. Kwa hiyo si ulimi unaoamua noti. Noti inaamuliwa na muda ambao kishindo kinachukua kwenda na kurudi, na muda huo unategemea urefu wa hewa iliyomo. Mpigaji akifungua tundu la juu zaidi, hewa inafupishwa na noti inapanda.

Hapo ndipo klarineti inapowashangaza hata wanaoijua. Filimbi ya kizungu na klarineti zina urefu unaokaribiana, lakini klarineti hushuka chini sana kuliko filimbi. Sababu ni kwamba filimbi iko wazi pande zote mbili, na klarineti, kwa macho ya wimbi la sauti, imezibwa upande wa mdomo. Bomba lililo wazi pande zote hubeba nusu ya wimbi. Lililozibwa upande mmoja hubeba robo tu, maana yake wimbi lake ni refu maradufu na sauti yake ni nzito kwa oktavu nzima.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kulihakikisha hili bila maabara. Duka la vifaa vya ujenzi linauza bomba la plastiki la nusu inchi, ambalo upana wake wa ndani haupishani sana na wa klarineti. Kata kipande cha sentimita 60 na usugue ncha zake ziwe laini. Lishike katikati, upige ncha moja kwa kiganja, na ukiache kiganja hapo hapo kikiwa kimeziba. Utasikia mlio mfupi, mzito. Sasa piga tena, lakini safari hii uondoe kiganja upesi kama uliyeguswa na moto. Mlio unaruka juu. Mwanakwaya yeyote aliyezoea do-re-mi atakwambia bila kufikiri: ile ya kwanza ni do ya chini na hii ni do ya juu. Bomba ni lile lile na hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni ncha moja kuzibwa au kuachwa wazi.

Hesabu yake nayo haina mzigo. Katika nyuzi joto 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Bomba la sentimita 60 lililozibwa upande mmoja lina wimbi la mita 2.4, yaani mitetemo 143 hivi kwa sekunde. Likiwa wazi pande zote wimbi ni mita 1.2, na mitetemo ni 286 hivi. Ukipima kwa programu ya simu utapata namba iliyo chini kidogo ya hizo, kwa kuwa hewa inayotetemeka huchungulia nje ya bomba kidogo kabla wimbi halijageuka. Tofauti hiyo isimvunje moyo mtu. Nayo imeshapimwa, na vitabu vina kanuni ya kuisahihisha.

Kuna jambo la pili. Ukipuliza filimbi kwa nguvu zaidi inaruka kutoka do hadi do inayofuata. Klarineti hairuki hivyo. Inapita do ya juu na kwenda kutua kwenye so iliyo juu yake, kwa sababu bomba lililozibwa upande mmoja linakubali mitetemo ya mara 1, mara 3, mara 5, na linaikataa ya mara 2. Ndiyo maana vidole vya klarineti ni vigumu kujifunza kuliko vya filimbi: mpigaji anatakiwa kuziba pengo refu la noti kabla ngazi ya pili haijaanza. Na zumari ya Pwani yetu, ambayo nayo ina ulimi mdomoni, je? Inaruka kwa oktavu kama filimbi, maana tundu lake ni la pia, jembamba mdomoni na pana chini. Umbo la hewa ndilo linalotawala.

Haya yalijulikanaje? Nadharia ya mawimbi ndani ya mabomba ni ya karne ya 19 na kabla yake. Swali la mti lilihitaji ujanja zaidi, kwa sababu binadamu akishika ala ya thamani hupuliza kwa namna ya kuistahili. Watafiti walitengeneza midomo ya bandia: kisanduku chenye pampu na kipande cha mpira laini kinachobana ulimi kama mdomo wa chini. Mashine haina majivuno; inapuliza ala ya mti, ya chuma na ya plastiki kwa nguvu ile ile. Kuanzia miaka ya 1960 walipima jinsi kuta za ala zinavyotikisika zinapopigwa, wakakuta mtikisiko upo, kweli, lakini sauti inayotoka ukutani ni hafifu mno ukilinganisha na inayotoka kwenye matundu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likafanyika jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa jinsi lilivyo rahisi. Zilitengenezwa filimbi za fedha, shaba na mti, zote zikiwa na tundu la ndani la kipimo kimoja na sehemu ya kupulizia inayofanana. Mpigaji hakuruhusiwa kuona ala wala kuhisi uzito wake. Wasikilizaji nao walifichwa ala hizo. Wasikilizaji hawakuweza kubainisha ipi ni ipi, wala wapigaji wenyewe, miongoni mwao wenye uzoefu wa miaka mingi, hawakuweza.

Kisha kuna mdomo wa mpigaji. Wapenzi wa klarineti wanaijua sauti inayofungua Rhapsody in Blue, muziki wa Marekani wa mwaka 1924, ambapo ala inapanda kutoka chini hadi juu bila ngazi, kama mtu anayepiga miayo na kucheka kwa pamoja. Kwa miaka mingi ilibishaniwa inafanywaje. Mwaka 2008 watafiti waliweka vipaza sauti vidogo ndani ya ala na kupima hewa iliyo kinywani mwa wapigaji wakiwa wanapiga. Wakakuta kwamba mabingwa hubadilisha umbo la kinywa na koo kwa kusogeza ulimi wao wa nyama, hadi hewa ya kinywani inaishinda hewa ya bomba na kuivuta noti. Hilo ni fundisho la mazoezi ya miaka, na halinunuliwi pamoja na kasha.

Sasa tahadhari, maana habari kama hii ikipita midomo mitatu hugeuka kuwa "mti hauna maana yoyote". Si hivyo. Ukuta mwembamba sana wa chuma unaweza kubadilisha sauti kidogo. Uso wa ndani ukiwa na vinyweleo au ukiwa na unyevu hunyonya nguvu ya wimbi, na kingo za matundu zikiwa butu au zimemeguka ala inakuwa ngumu kuitika. Hapo ndipo mpingo unapojipatia heshima yake. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, mita moja ya ujazo ikifikia kilo 1,200 hivi. Una chembe zilizoshonana na mafuta yake ya asili. Ukitobolewa tundu la milimita chache, ukingo hubaki mkali kama wa chuma, na pumzi yenye mvuke haiufanyi uvimbe upesi. Mpingo unapendwa kwa utii wake mbele ya keekee na mashine, na kwa kutulia kwenye unyevu. Fundi anayesema mpingo ni bora ana haki. Anachokosea ni sababu.

Karagwe yenyewe ilikuwa na ushahidi wake kabla ya maabara zote hizo. Mwezi Novemba 1861 wasafiri wa Kizungu John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika, na Speke akaandika juu ya bendi ya ikulu: wapiga baragumu na ngoma nyuma yao. Baragumu hizo zilikuwa za vipande vya vibuyu vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine na kufunikwa ngozi ya ng'ombe, kubwa na ndogo. Ni jamaa wa makondere yaliyopigwa katika falme jirani, ambapo kila mtu ana baragumu ya urefu wake, anatoa noti yake, na wimbo mzima unajengwa kwa kupokezana. Hakuna mpingo pale, wala shaba. Kibuyu chepesi na ngozi vilitosha kuleta muziki wa mfalme, kwa sababu waliozitengeneza walijua kupima urefu wa hewa, ingawa hawakuuandika kwa namba. Sioni sababu ya kitabu cha fizikia cha sekondari za Kyerwa kuanzia kwenye bomba la kioo la Ulaya wakati makondere yapo.

Kwa mwanafunzi, basi, maana yake ni hii. Klarineti ya plastiki ya kujifunzia si ala bandia. Ikiwa imetobolewa kwa vipimo sahihi, na vitufe vyake vinaziba sawasawa, inafuata kanuni zile zile za ala ya mpingo iliyo ghali mara nyingi zaidi, tena haipasuki jua likiwaka baada ya mvua. Shule au kanisa lenye fedha kidogo lisione haya kuanzia hapo. Pesa iliyobaki iende kwenye ndimi za tete, ambazo huchakaa na kuhitaji kubadilishwa mara kwa mara, na kwa mwalimu. Hasa kwa mwalimu.

Kiongozi wa kwaya anayechanganya kinanda cha umeme na ala za kupuliza ana faida yake pia. Kasi ya sauti hupanda mita 0.6 hivi kwa sekunde kwa kila nyuzi joto moja. Kamuli iko kwenye nyanda za juu, na asubuhi za huko ni za baridi. Tuseme ibada ya kwanza inaanza kwenye nyuzi 15 na mazoezi ya mchana yanafanyika kwenye nyuzi 25: hewa ndani ya ala imebadilika kiasi cha kusogeza noti karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio linalisikia. Kinanda hakisogei, kwa hiyo watu hulaumiana bure kwamba fulani anapiga nje. Dawa ni kupuliza pumzi ya moto ndani ya ala kwa dakika kadhaa bila kupiga noti, ndipo mlinganishe na kinanda. Mwinuko wenyewe hauna kosa. Wengi hudhani hewa nyepesi ya milimani hubadilisha noti, lakini kwa joto lile lile klarineti italia noti ile ile Kyerwa na Kilwa.

Mkulima ndiye ninayemwonea wasiwasi zaidi, kwa sababu yeye huletewa habari za miti ya utajiri mara kwa mara. Mpingo, unaoitwa mti wa taifa, ni mti wa nyika kavu. Ukanda wake unaojulikana kwa biashara ni kusini: Kilwa, Liwale, Nachingwea, Tunduru. Hukua polepole sana, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Shina lake mara nyingi limepinda na lina mikunjo au uwazi katikati, hivyo sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo hugeuka ala. Anayemwambia mtu wa Kamuli ang'oe kahawa apande mpingo anamuuzia ndoto ambayo hata wajukuu wake watangoja. Upandwe mpakani na palipo pakavu kwa ajili ya kizazi kijacho, sawa: ni jamii ya kunde, unarutubisha udongo na nyuki wanayapenda maua yake. Kwa mbao za maisha haya, miti ya misizi na mishambya iliyozoeleka kwenye vibanja ina hesabu iliyo wazi zaidi.

Na matokeo ya utafiti yanamgusa mwenye mpingo kwa njia nyingine. Kama sauti haimo kwenye mti, basi mnunuzi anaweza kuhamia kwingine. Tayari ziko klarineti za kitaalamu zinazofinyangwa kwa unga wa mpingo, yaani vumbi na mabaki ya kiwandani, uliochanganywa na nyuzi za kaboni na gundi, na zinapigwa kwenye okestra kubwa. Wengine wanaona hii ni hatari kwa bei. Mimi naona ni nafuu kwa msitu, kwa kuwa mabaki yaliyokuwa yakichomwa yanapata thamani na magogo mazima yanapumzika. Biashara ya jenasi nzima ya mpingo iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa Januari 2017, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo ili mwanamuziki asizuiwe mpakani na klarineti yake. Mti mbichi na mbao bado zinahitaji vibali.

Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilionyesha njia. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kijiji kinaweza kumiliki na kusimamia msitu wake, kuhesabu miti, kupanga ni mingapi ivunwe, na kuuza chenyewe. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na mnunuzi wa ala Ulaya akaweza kujua gogo lilikotoka. Thamani iliyouzwa pale ilikuwa mti uliotunzwa pamoja na karatasi inayoaminika. Sheria hiyo inafanya kazi pia kwa msitu wa kijiji wa Kyerwa, uwe na mpingo au usiwe nao.

Mzazi naye ana maswali yake, na mengi ni ya afya. Hili la afya nalipitia haraka. Watoto wasichangie ulimi mmoja wa klarineti. Kila mmoja awe na wake, na kipande cha mdomo kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kupokezana. Mtoto anayekaa mbele ya matarumbeta kwa saa nyingi anaweza kuumia masikio polepole bila kusikia maumivu, hivyo ni vema wabadilishane nafasi na kupumzika. Ukisikia kwamba kupuliza ala kunaponya pumu, endelea na dawa za hospitali. Ushahidi uliopo hautoshi kuziacha.

Fundi seremala wa Kamuli, yule anayetengeneza milango na vitanda, anaweza asijue kwamba ana nafasi katika ukarabati wa ala. Ala nyingi za mtumba zinazofika nchini hutupwa kabatini kwa tatizo dogo: kitufe kisichoziba. Kwenye klarineti, tundu moja la juu likivuja kidogo, hewa inajiona ni fupi na noti zote zilizo chini yake zinagoma, hata mpigaji apulize vipi. Uvujaji hutafutwa kwa kipande chembamba cha karatasi: kiweke chini ya kitufe, funga, kisha vuta taratibu kuzunguka ukingo wote. Panapoteleza bila kushikwa, ndipo hewa inapotokea. Kifuniko laini kilicho chini ya kitufe hubandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa moto, kwa hiyo hulegezwa kwa kiberiti kilichosogezwa kwa uangalifu kwenye chuma, husogezwa kikae sawa, na kikiwa kimechanika hukatwa kingine cha ngozi laini kwa kipimo kile kile.